Mzee wa Kwedizinga na Kina Kilichopotea

Chini ya mwembe mmoja wa Kwedizinga, alasiri ya mwaka wa mvua haba, mzee mmoja alinyoosha mkono kuchukua kete ambayo haikuwapo. Kete za akiba zilikuwa zimekwisha. Namua ilikuwa imepita, mchezo umeingia mtaji, na kila aliyekuwapo alilijua hilo isipokuwa mkono wa mzee. Ulikwenda pembeni mwa ubao, ukapapasa mahali patupu, ukarudi. Watazamaji wakacheka kwa heshima, kama vijana wanavyomcheka mkubwa aliyejikwaa kidogo. Mzee naye akacheka, akasema, "Naam, ni mtaji," akachota kete za shimo moja akazitembeza. Zamu yake ilipofika tena, mkono ukaenda tena pembeni. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Kwedizinga ni kata ya wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, katika nchi ya Wazigua ambayo majina ya vijiji vyake hutambulika upesi kwa mianzo yao: Kwedizinga, Kwediboma, Kwediyamba. Kaskazini yake iko Korogwe. Ni nchi ya mahindi na mihogo, nchi ya wakulima wanaotazama mawingu kuliko wanavyotazama saa. Bahari haionekani huko wala haisikiki, lakini vitu viwili vya pwani viliingia bara zamani vikakaa kama wenyeji, navyo ni bao na shairi. Wala si ajabu, kwani mkoa wenyewe ndio uliomzaa Shaaban Robert mwaka 1909 na ndio uliomzika mwaka 1962.

Mzee huyu alikuwa mashuhuri kwa vyote viwili. Katika bao alikuwa mtu wa kuogopwa toka kijiji chake hata vijiji jirani. Katika shairi hakuwa mwandishi, kwa kuwa kalamu aliijua kwa kutia saini tu. Alikuwa mtungaji wa papo kwa papo, wa arusini na mikutanoni, ambaye ukimpa neno moja la kuanzia atakurudishia ubeti mzima, vina vyake vimelingana na mizani yake haina pungufu.

Msomaji wa visiwani hahitaji kufundishwa bao, lakini hesabu yake yafaa kukumbushwa. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64. Kila mchezaji ana kete 32: kumi huanza ubaoni, sita nyumbani na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki akiba. Kete za akiba zikiwapo, mchezo ni namua. Kila zamu huingizwa kete moja. Zikisha, mchezo ni mtaji; sasa mtu hucheza kwa kilichomo ubaoni peke yake. Ubao ni uleule, mpinzani ni yuleyule, na mashimo hayajahama, lakini kanuni imegeuka, wala hakuna kengele inayolia kuutangaza mgeuko huo. Na shairi la tarbia, kwa sadfa ambayo mzee mwenyewe alipenda kuitaja, lina mishororo minne ya mizani 16, yaani jumla ya mizani 64, sawasawa na kete za bao. Alikuwa akisema kwamba anayejua kuzigawa kete 64 hawezi kushindwa kuzigawa silabi 64.

Miezi kadhaa kabla ya alasiri ile alipatwa na kiharusi. Kilikuwa kidogo, kama waganga wanavyosema kuhusu maradhi ya wengine. Mdomo ulipinda siku moja, mkono wa kulia ukalegea kwa wiki mbili, kisha vyote vikarudi. Hospitalini daktari aliwaonyesha picha ya ubongo na doa dogo lililokuwa upande wa mbele, nyuma ya paji la uso, akasema kuna bahati ndani ya msiba. Nyumbani wakachinja mbuzi kwa shukrani. Mwili wa mzee ulikuwa umerejea wote, na hakuna aliyejua bado kwamba kiko kitu kilichobaki njiani.

Wa kwanza kukijua alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa chuo kikuu akisomea kompyuta. Kwa Wazigua mjomba si jamaa wa kando. Ukoo wa kale ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mtoto wa dada alikuwa karibu na mjomba wake pengine kuliko na baba aliyemzaa. Alipokuja likizo aliketi naye barazani jioni, akamwamkia, "Shikamoo mjomba," na baada ya habari za masomo na za njaa akamwomba ubeti juu ya ukame. Mzee alifumba macho kama desturi yake, akaanza:

Mvua imetoroka, mahindi yako shambani
Mito nayo yakauka, samaki wamo topeni
Wazee twatazamana, macho yetu mawinguni

Hapo akanyamaza. Binti aliyekuwa amekua akimsikiliza alihisi kitu kama jiwe katika wali. Mizani ilikuwa kamili. Kina cha mwisho kilikuwa salama: shambani, topeni, mawinguni. Lakini kina cha kati, kilichoanza kwa -ka katika mshororo wa kwanza na wa pili, kilikuwa kimeanguka katika wa tatu. "Twatazamana" si neno baya, ila si mwana wa nyumba ile. Jambo la kutisha si kosa lenyewe, maana hata malenga hukosea. Jambo la kutisha ni kwamba mzee hakulisikia. Alikuwa akiutafuta mshororo wa nne, na mshororo wa nne haukuja.

"Mama," akamwambia mpwa wake kwa sauti ndogo, "beti za zamani ninazo zote. Nikitaka hata za mwaka ule nilipooa nitakusomea. Hizi mpya ndizo zinanikimbia. Nikishika hili, lile linaponyoka."

Alikuwa amesema kwa maneno ya Kwedizinga jambo ambalo wanasayansi wa ubongo walilitafutia maneno kwa zaidi ya nusu karne. Kumbukumbu si ghala moja. Iko ghala kuu, ambamo mna beti za ujana, njia za mashambani, majina ya marehemu. Na liko busati dogo la mbele, ambapo vitu vichache hutandazwa kwa muda vipate kufanyiwa kazi kisha vikusanywe. Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza waliielezea sehemu hii ya pili mwaka 1974, na jina lililoshika ni kumbukumbu ya kazi. Busati hilo ni finyu kwa kila mtu. Mwaka 1956 George Miller alikisia kwamba mtu hushika vitu saba hivi kwa wakati mmoja, kuzidi au kupungua viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alishusha hesabu hiyo hadi karibu na vinne.

Vinne! Mpenzi wa mashairi na aisimamishe namba hiyo mbele yake. Mtungaji aliyefika mshororo wa tatu ameshika nini? Ameshika kina cha ukwapi, kina cha utao, hesabu ya mizani iliyokwisha kutumika, na maana anayoielekea. Ni vitu vinne, navyo havikai pamoja ila kwa jasho. Sheria alizozipanga Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, ambazo wengi huzisoma kama sheria za uzuri, zaweza pia kusomwa kama kipimo cha mzigo ambao akili ya mtu mzima huweza kuubeba bila kuuangusha. Anayeondolewa nafasi moja tu ya busati lake hataanguka barabarani, hatasahau jina la mkewe, hatapotea njia ya shamba. Ataangusha kina cha kati.

Na mkono uliokwenda kwenye akiba tupu? Hilo nalo lina historia yake. Mwaka 1948 Marekani, katika jimbo la Wisconsin, David Grant na Esta Berg walitunga mtihani wa kupanga kadi. Kadi zina maumbo, rangi na idadi. Mtahiniwa huambiwa azipange, lakini haambiwi kwa kanuni gani. Huambiwa tu amepata au amekosa. Akishagundua kwamba kanuni ni rangi, na akapata mara kumi mfululizo, kanuni hubadilishwa kimyakimya ikawa umbo. Mtu mzima mwenye afya hukosa mara chache, hushangaa, kisha hugeuka. Mwaka 1963 Brenda Milner, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alionyesha kwamba wagonjwa walioondolewa sehemu ya mbele ya ubongo hugundua kanuni ya kwanza vizuri, lakini ikigeuka wao hawageuki. Huendelea na rangi, rangi, rangi. Wengine huweza hata kutamka kwamba wanakosea, na mkono ukaendelea kukosea. "Naam, ni mtaji," alisema mzee, na zamu iliyofuata mkono ukaenda kwenye akiba.

Binti alirudi chuoni na jambo hili kifuani. Alipaswa kuchagua mada ya kazi yake ya mwisho, na wenzake walichagua programu za maduka na za malipo ya simu. Yeye alichagua sehemu ya mbele ya ubongo, au tuseme mfano wake mdogo: modeli ya kikompyuta, yaani mkusanyiko wa milinganyo inayojifanya seli za neva, kila moja ikizisikiliza nyingine na kuamua kulia au kunyamaza.

Alianza na swali jepesi kuliko yote: kitu hushikwaje akilini baada ya kuondoka mbele ya macho? Mwaka 1971 Joaquin Fuster na Garrett Alexander walisikiliza seli za ubongo wa nyani aliyeonyeshwa mahali penye chakula, kisha akafichwa na kungojeshwa. Chakula kilikuwa hakionekani tena, lakini baadhi ya seli za gamba la mbele ziliendelea kulia muda wote wa kungoja. Waliokuja baadaye na kuunda modeli walijiuliza sauti hiyo hudumuje bila mpigaji. Jibu lao la kwanza ni la ngoma: seli huitikiana. Hii humwamsha ile, ile humrudishia huyu, na kiitikio hujizungusha chenyewe hata mwimbaji aliyekianzisha akiwa amekwisha kukaa. Katika kompyuta ya binti, waitikiaji walipounganishwa kwa nguvu ya kutosha, habari ilikaa. Alipopunguza nguvu ya maungano kidogo tu, haikuondoka mara moja. Ilikaa, ikapungua, ikazimika katikati ya kungoja. Kina cha kati kilikuwa kimepotea mbele yake, juu ya kioo cha kompyuta, bila neno hata moja la Kiswahili.

Liko jibu la pili, linalompendeza zaidi mtu wa mashairi. Mwaka 2008 Gianluigi Mongillo, Omri Barak na Misha Tsodyks walionyesha kwa modeli kwamba si lazima seli zilie muda wote. Mahali zinapokutana huachwa kwa kitambo kifupi katika hali ya wepesi, kama mchanga uliokwisha kukanyagwa, na mguu wa pili hupita papo hapo kwa urahisi. Kitu kimenyamaza lakini hakijatoka. Kila mtungaji analijua hili kwa mwili wake. Hatamki -ka, -ka, -ka kichwani tangu mshororo wa kwanza hata wa nne. Huliacha kina lilale, akashughulika na maana, na saa yake ikifika huliamsha. Watafiti bado wanabishana jibu lipi lina uzito zaidi, na huenda ubongo hutumia yote mawili.

Swali gumu ni la kugeuka. Busati linalong'ang'ania kila kitu halifai, na lisilong'ang'ania chochote halifai vilevile. Ni nani huamua kiingie nini na kitoke nini? Mwaka 2006 Randall O'Reilly na Michael Frank walipendekeza modeli yenye mlango na bawabu. Busati liko katika gamba la mbele. Bawabu yuko ndani zaidi, katika mafundo ya seli yaliyo chini ya gamba. Mlango ukifungwa, kilichomo hulindwa na fujo za nje. Ukifunguliwa, kipya huingia na cha kale huachia nafasi. Na bawabu hazaliwi mjuzi. Hufundishwa na dopamini, kemikali inayopanda heri ikija bila kutarajiwa na kushuka heri iliyotarajiwa isipokuja. Kabla yao, mwaka 1991, Stanislas Dehaene na Jean-Pierre Changeux wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kuunda modeli iliyofanya mtihani uleule wa kadi. Ndani yake zilikuwamo seli za kanuni, moja ya rangi, moja ya umbo, moja ya idadi, zikishindania kiti. Aliyekalia kiti alidumu mpaka habari mbaya zije, "umekosa," na habari hizo ndizo zilizomtikisa akaondoka. Ukiidhoofisha njia ya habari hizo mbaya, kanuni ya zamani hukaa kitini kama sultani asiyefikiwa na wajumbe.

Usiku aliposoma hayo binti alifunga kompyuta akalia. Aliuona mkono wa mjomba wake waziwazi. Haukuwa mkono wa mpumbavu. Ulikuwa mkono wa kanuni iliyokuwa na haki ya kutawala dakika tano zilizopita, na ambayo hakuna mjumbe aliyeweza kuifikia na kuiambia kwamba namua imekwisha.

Bao lenyewe limewahi kutazamwa kwa jicho hili, na si mbali na wasomaji wa visiwani. Alexander de Voogt, Mholanzi, aliketi na mabingwa wa bao wa Zanzibar, akajifunza kwao, na mwaka 1995 akatetea Leiden tasnifu iliyoitwa Mipaka ya Akili. Alichokitafuta ni kile ambacho bingwa huweza kukibeba kichwani, katika mchezo ambao kete moja yaweza kuzunguka ubao, ikala, ikazunguka tena, mpaka mtazamaji apoteze hesabu. Hakwenda kuwapima mabingwa kwa kadi za Wisconsin. Aliwapima kwa bao.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2002 Robert Sternberg na Elena Grigorenko, pamoja na wenzao wakiwamo Watanzania, walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule wa vijijini Bagamoyo. Watoto walipewa majaribio ya fikra, mojawapo likiwa la kupanga kadi, kisha wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuyakabili, kisha wakapimwa tena. Alama zilipanda. Watafiti walisisitiza kwamba kipimo cha mara moja, juu ya kitu kigeni, humwambia mpimaji machache mno kuhusu uwezo wa anayepimwa. Binti aliusoma utafiti huo akaukumbuka mtihani aliopewa mjomba wake hospitalini, ambapo aliulizwa atoe saba katika mia, kisha saba tena, kisha saba tena, kwa haraka, mbele ya watu asiowajua. Alikwama. Katika karatasi yake pakaandikwa neno moja la kitaalamu ambalo, lilipofika Kwedizinga kwa mdomo wa jamaa mmoja, lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa "akili imeondoka."

Neno hilo ndilo lililoleta hatari. Mzee alikuwa msemaji wa ukoo katika mambo ya ardhi. Liko shamba la ukoo ambalo mpaka wake ulikuwa na mzozo na majirani, na shauri lilikuwa karibu kupelekwa mbele. Likaitishwa kikao. Vijana wawili waliojaa haraka walisema wazi kwamba msemaji apumzishwe, na kwamba shamba sasa lihesabiwe na kugawanywa, kila mtu achukue lake, kwa kuwa aliyekuwa akilijua hajijui tena. Mmoja akathubutu kusema, "Mjomba keshaondoka, tumebaki na kivuli chake." Mzee alikuwapo, ameketi kwenye kigoda, akisikiliza. Alijaribu kujibu. Watu wanne walikuwa wakisema kwa pamoja. Alianza kumjibu wa kwanza, akakatizwa na wa pili, akamrudia wa kwanza na swali lilikuwa limemtoka. Akafumba mdomo. Waliotaka ushahidi waliupata.

Binti alisimama. "Shikamooni wazee wangu. Naomba ruhusa niseme kidogo." Ruhusa ikatolewa kwa kuguna. Hakuwaambia habari za dopamini wala za Wafaransa. Aliomba mambo mawili tu: aseme mtu mmoja mmoja, na kila swali liwekewe kete. Akaleta ubao wa bao, akauweka mbele ya kigoda, akatia komwe moja katika shimo la kwanza. "Hii, mjomba, ni mpaka wa mashariki." Akatia ya pili. "Hii ni mti wa alama." Akatia ya tatu. "Hii ni nani alikuwapo siku mpaka ulipowekwa."

Mzee aliitazama komwe ya kwanza kwa kitambo. Kisha akasema. Alianzia kwenye kijito kilichokauka, akapanda na kichuguu, akataja mkuyu ulioanguka na mwaka ulioangukia, akataja jiwe, akataja waliosimama pale, walio hai na walio kaburini, na nani alikuwa amemshika nani mkono kwa kuwa alikuwa mtoto. Akiisha jambo moja, aliitoa komwe akaitia mfukoni, akaitazama inayofuata. Hakurudia wala hakuruka. Jirani mmoja mzee, aliyekaribishwa kikaoni kama shahidi, aliinamisha kichwa na kusema kwamba ni kweli, jiwe lipo. Ghala kuu lilikuwa limejaa vilevile. Busati ndilo lililopungua, na mahali palipopungua pakawekwa ubao wa mti.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, akasema mmoja wa wazee, na kikao kikaamua kwa nusu, kama vikao vifanyavyo. Mzee atabaki kuwa kumbukumbu ya ukoo na msemaji wake, lakini mbele ya wakubwa wa serikali ataandamana na mpwa wake, naye ndiye atakayeshika mpangilio wa maneno. Shamba lisigawanywe kwa sasa. Vijana wawili hawakuridhika, na mmoja wao hakula chakula kilichoandaliwa.

Wala isidhaniwe kwamba komwe zilirudisha kila kitu. Utungaji wa papo kwa papo wa arusini, ambapo mpinzani hukutupia kina na umati ukangoja, ulikwisha. Mzee alikataa mialiko miwili, kisha mialiko ikakoma yenyewe. Mtu anaweza kuishi bila jambo hilo, lakini asimwambie malenga kwamba ni dogo. Na modeli ya binti haikumponya mtu. Alipoiwasilisha chuoni aliulizwa kama inaweza kutabiri mjomba atapona kiasi gani. Akajibu kwamba haiwezi. Seli zake zilikuwa mia chache, na ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Ilichoweza ni kuonyesha kwamba udhaifu mmoja mdogo, mahali pamoja, watosha kumfanya mtu aonekane mjinga kwa wasiojua waulize nini. Mwaka 2018 Jane Wang na wenzake walichapisha modeli iliyofunzwa mafumbo mengi yanayofanana mpaka ikajua kujifunza: ikipewa fumbo jipya la aina ileile, iligeuka upesi bila maungano yake kubadilishwa tena. Binti aliposoma hiyo aliwaza jinsi bingwa wa bao anavyokabili ubao ambao hajapata kuuona, naye akaanza kazi nyingine.

Likizo iliyofuata alimkuta mzee barazani na punje ya hindi katika kiganja cha kulia na komwe katika cha kushoto. Komwe ilikuwa kina cha kati. Punje, kina cha mwisho. Alikuwa ameugundua ujanja huo mwenyewe. Hakufumba macho tena alipotunga. Aliangalia mikono yake. Ulimchukua karibu muda wa kuivisha chungu cha maharage, mahali ambapo zamani ungemchukua muda wa kukohoa. Alipomaliza alimsomea mpwa wake ubeti wote:

Mvua imetoroka, mahindi yako shambani
Mito nayo yakauka, samaki wamo topeni
Wazee twahangaika, macho yetu mawinguni
Mola ndiye twamtaka, atutoe taabuni

"Twatazamana ilikuwa nzuri zaidi," akasema mzee. "Ndivyo ilivyokuwa hasa. Tulitazamana. Lakini kina hakikubali."

Kisha wakaenda mwembeni. Mpinzani wake alikuwa kijana wa jirani, na waliocheka mwaka uliotangulia walikuwapo, kimya. Namua ilichezwa vizuri. Kete ya mwisho ya akiba ikaingia, zamu ikapita kwa kijana, ikarudi. Mkono wa mzee ukainuka, ukaanza kwenda pembeni, ukasimama hewani juu ya mahali patupu. Ulikaa hapo kwa muda ambao kila mtu aliuhesabu.

"Mtaji," akasema mzee, akaurudisha ubaoni.

Zamu iliyofuata mkono ulifika pembeni ukapapasa. Hakuna aliyesema neno. Kijana alingoja.